Ngwe ya Vumbi

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Leo zimekuja mashine mbili zinazokula vumbi. Nimeziona kwa macho yangu. Zinakula!

Kazileta Bwana Fidahussein, mwenye duka la Korogwe, juu ya lori la mkonge, kazifunika blanketi kama wagonjwa. Memsahibu ndiye aliyezitaka. Memsahibu ni mke wa meneja wetu. Sisi vibarua, tukiwa peke yetu, tunamwita Bibi Kidole, kwa sababu hupitisha kidole juu ya kila meza kisha akakitazama. Atazijaribu juma hili. Jumamosi atachagua moja, nyingine irudi dukani. Anataka inayofaa mazulia na inayofaa sakafu tupu, maana nyumba ina vyote viwili, na Bwana meneja hataki kusikia habari ya mashine mbili.

Hayo hayanihusu. Linalonihusu ni kwamba wafagiaji wa nyumba hii ni wawili, mimi na Eliasi, na kwa kuja mashine atabaki mmoja. Memsahibu kagawa nyumba nusu kwa nusu, kila nusu na zulia lake na sakafu yake. Kila mtu apewe mashine. Ambaye mashine yake itachaguliwa atabaki nayo. Mwingine anarudi kukata mkonge.

Mkonge naujua. Nimeukata tangu niliposhuka kutoka Sikonge, Unyamwezini, mpaka mgongo ukapinda na mwiba ukanichoma pembeni mwa jicho. Siku niliyopewa ufagio nilidhani nimekufa na nimefika peponi. Sirudi tena kule. Eliasi ni Mzigua wa Handeni, akichoka anakwenda kula kwa mama yake. Mama yangu mimi yuko Unyamwezini, safari ya siku nyingi. Kwa hiyo haki iko upande wangu.

Mzigua na Mnyamwezi ni watani, tunatukanana na hakuna kesi. Kaniambia mbele ya Fidahussein: "Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe umebeba nini? Ufagio!" Nikamjibu kwamba babu yake alikaa njiani akingoja makombo ya babu yangu. Memsahibu akauliza kama tunagombana. Tukasema hapana, tunasalimiana.

Mashine ya kwanza imesimama, fupi, nene, ina magurudumu na mpira mrefu. Nimeiita Pipa. Ya pili imelala chini, ndefu, ina pua. Huyo ni Mamba. Nikaambiwa nichague kwanza kwa kuwa ni mkubwa kwa umri. Fidahussein akazifungua matumbo. Ndani kila moja ina mfuko wa kitambaa unaopokea vumbi. Mfuko wa Mamba ni kama wa unga. Wa Pipa ni mdogo, wa kutilia karanga.

Nikachagua Pipa palepale! Eliasi akacheka mpaka akashika ukuta. Acheke. Ana mashine, lakini hana mpango.

Jumanne, 3 Agosti

Mpango ni huu. Mkatamkonge hafanyi kazi kwa kutazama jua. Anapewa ngwe yake, mafungu yake ya majani, na akiyamaliza anarudi kambini hata kama umande haujakauka. Nani kasema nyumba haiwezi kuwa na ngwe?

Asubuhi nikamwendea Memsahibu, mikono nyuma. Nikamweleza kwamba kibarua asiye na ngwe huzembea, ndivyo tulivyo. Nikamwomba anipe ngwe: mfuko wa mashine ukijaa, siku yangu imekwisha. Bwana alikuwa anakunywa chai. Akasema laiti manyapara wake wangekuwa na akili kama ya Matayo. Memsahibu akakubali. Eliasi alipoulizwa akasema yeye ataendelea na saa zake, ahsante. Mjinga! Na mfuko wangu ulivyo mdogo!

Nikachomeka waya ukutani. Umeme unatoka kwenye injini ya korona, kule mkonge unakosagwa, kwa hiyo Pipa akaanza kunguruma pamoja na kiwanda. Kwenye zulia ni simba. Alivuta kwa nguvu hata akaanza kulila zulia lenyewe, nikamnyang'anya pembe moja ya zulia mdomoni. Kwenye sakafu sivyo. Sakafu ya hapa ni ya saruji nyekundu, inang'arishwa kwa nta mpaka unaona meno yako. Pale Pipa anapiga mluzi, anazisukuma punje za mchanga mbele kama mchunga mbuzi, na magurudumu yake yanaacha mistari kwenye nta. Mamba wa Eliasi ana kinywa cha manyoya laini, anapita sakafuni kimyakimya kama anabusu. Zuliani anaramba tu. Basi kila mmoja ana ugonjwa wake.

Saa nne nikafungua tumbo la Pipa kwa furaha. Mfuko ulikuwa na vumbi la kujaza kijiko.

Nikarudia zulia. Nikafyonza mapazia. Nikafyonza viti, kofia ya Bwana, na nyuma ya kabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mvunguni mwa kitanda. Hamkuwa na kitu! Nilifagia mwenyewe juzi. Sikujua kama mimi ni mfagiaji mzuri hivyo. Nimejiponza.

Eliasi aliondoka saa nane, akanipungia mkono dirishani. Mimi niliruhusiwa jua likizama, kwa huruma.

Jumatano, 4 Agosti

Mtu akikosa kuni nyumbani anakwenda porini. Mimi nimekwenda kutafuta vumbi.

Vumbi zuri la shamba hili liko kwenye chumba cha brashi, ambako singa za mkonge zikishakauka husuguliwa ziwe laini. Mle hewa yenyewe ni nyeupe. Dada Mwatumu anafanya kazi hapo, anafunga singa, kajitanda kanga mpaka puani. Nikamwomba gunia la manyoyanyoya yanayoanguka chini. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya ndani ya nyumba ya meneja. Akakaa chini kabisa. "Kaka Matayo," akasema, "watu wote wa dunia wanatoa uchafu nje. Wewe unauingiza?" Nikamwambia haya ni mambo ya mashine, hayaelezeki. Akakubali kwa sharti kwamba nimchotee maji bombani kila jioni. Bomba liko mbali na mgongo wangu ninaujua. Nikakubali. Mpango mkubwa una gharama.

Gunia haliwezi kupita mlango wa jikoni. Nikajaza singa ndani ya suruali, miguu yote miwili, nikafunga kwa kamba chini. Nilitembea kama mtu aliyepanda farasi. Na zinawasha! Mungu wangu, zinawasha mahali ambapo mtu hawezi kujikuna mbele ya Memsahibu. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni baridi yabisi.

Nikamwaga mvunguni mwa kitanda, nikamwachia Pipa. Mfuko ukajaa kabla Bwana hajamaliza gazeti. Memsahibu akaufungua, akaweka mkono kifuani. Akasema hajapata kujua kama analala juu ya uchafu wa namna hii. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikaenda kambini, nikalala mchana kama liwali.

Mashine ni jambo jema sana.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimejaza mfuko tena. Nimelala tena. Mwili unaanza kusahau taabu. Chakula kina ladha.

Lakini Eliasi ana macho. Mchana kakuta unyoya wa singa kwenye kisigino changu, kautazama kwenye mwanga kama Fidahussein anavyotazama noti. Alikwenda moja kwa moja kwa Memsahibu akamwambia, kwa sauti ya mtoto wa misheni, kwamba mfuko wa Pipa ni mdogo na wa Mamba ni mkubwa, kwa hiyo kujaa si haki. Haki ni mizani. Vumbi la kesho lipimwe Jumamosi kwenye mizani ya jikoni, Fidahussein akiwapo kama shahidi.

Memsahibu akasema ndiyo, hilo ni jambo la akili.

Singa hazina uzito! Mfuko mzima ni kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa, na kuku mwenyewe hayumo. Nimemchotea Mwatumu maji nikiburuta miguu. Akaniuliza nani kafa.

Ijumaa, 6 Agosti

Mchanga una uzito.

Kuna lundo la mchanga nyuma ya nyumba, mafundi wanajenga banda la gari. Alfajiri nikaingiza ndoo moja, nikaficha kwa kitambaa cha kupangusia. Nikautandaza juu ya zulia la sebuleni, nikachanganya na singa kidogo ili uonekane umetoka mbali. Nikamwasha Pipa.

Pipa alilia. Mchanga ulipita ndani ya mpira kwa kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Mimi nilisikia muziki, niliona mizani inashuka. Halafu kelele ikabadilika. Mfuko ulikuwa umepasuka mshono humo tumboni. Mashine hii inavuta kwa mdomo na inapumua kwa nyuma, na nyuma yake ilikuwa imeelekea mezani, kwa Bwana, chai yake na gazeti lake.

Yote yakamwendea. Sebule nzima ikawa jangwa. Bwana alikaa vilevile na kikombe mkononi, mweupe mpaka kwenye nyusi, amefumba macho. Aliponyanyuka, kwenye kiti pakabaki umbo lake.

Memsahibu akaja mbio. Hapo ndipo mtu huijua akili yake. Nikasimama wima, nikasema zulia limetapika. Nikasema vumbi hili lilikuwa humo chini kabisa tangu zulia lilipotoka Ulaya, ufagio haukuliweza, na leo Pipa amelitoa mpaka na mzizi wake. Akachota kidogo kwa kidole. Akakitazama. Akasema, taratibu, kwamba mashine ina nguvu za ajabu.

Bwana alisema mengi, lakini kwa Kiingereza.

Nikaushona mfuko kwa uzi wa mkonge, ambao haukatiki hata ukivutwa na trekta. Kisha nikafyonza sebule yote, kuta, taa, vitabu, na Bwana mwenyewe mabegani, alikubali. Kazi ya siku nzima, ya kweli, bila hila hata moja. Mgongo wangu ukakumbuka mkonge. Lakini mfuko ulijaa mpaka shingoni, mzito kama mtoto anayenyonya vizuri.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeshinda! Niandike taratibu.

Fidahussein kafika na lori, kavaa koti. Mizani ikawekwa juu ya meza ya jikoni. Mfuko wangu kwanza. Mshale ukashuka vizuri. Nikainua kidevu. Halafu Eliasi akaweka mfuko wa Mamba, kwa mikono miwili, anahema. Mshale ukashuka ukapita wangu, ukaenda kugonga mwisho. Niliona panga, niliona safu za mkonge zinakwenda mpaka Makuyuni na nyapara amesimama mwisho wa safu ananingoja.

Memsahibu akafungua mfuko wa Eliasi. Vumbi jekundu, zuri, laini. Na likaanza kutembea. Mchwa! Walitoka mmoja mmoja, kisha familia nzima, wakashuka mezani wakaelekea kwenye mkate. Memsahibu akapiga kelele kwamba nyumba inaliwa. Akataka kujua ni chumba gani. Eliasi akasema cha kulia chakula. Bwana akachukua udongo, akausugua vidoleni, na yeye udongo anaujua, kazi yake ni shamba. Akasema hiki ni kichuguu cha nyuma ya ofisi, amekipita kila siku na jana alikiona kimepungua kichwa.

Nikasema aibu. Nilisema kwa sauti, na kwa masikitiko. Nikasema sisi kwetu mtu hawezi kumdanganya anayempa chakula.

Eliasi akanitazama. Alijua habari za singa zote. Alikuwa na kinywa, angeweza kukifungua. Akakifunga. Nilisikia uchungu kidogo wa upendo. Nikasema moyoni, huu ndio utani wa kweli, huu ndio undugu.

Bwana akasema mtu anayependa udongo kiasi hiki hafai kupotezwa mkongeni. Apelekwe chumba cha brashi, akawe msimamizi wa kufagia, kule vumbi halimwishii. Eliasi akasema ahsante Bwana.

Memsahibu alikuwa hajaridhika bado. Akamwambia Fidahussein kwamba Pipa ana nguvu kwenye zulia lakini anaharibu nta, na Mamba anapendeza sakafuni lakini zuliani hana meno. Fidahussein alichomoa kinywa cha manyoya cha Mamba, akakitia kwenye mpira wa Pipa. Kikaingia tak! Akafunga magurudumu kwa vipande vya flaneli. Pipa akapita juu ya sakafu bila kuacha hata mstari. Memsahibu akapiga makofi. Amenunuliwa Pipa. Mamba karudi Korogwe bila mdomo, maskini.

Na mimi nimebaki! Mimi ndimi mtu wa mashine. Nyumba nzima ni yangu, nusu zote mbili.

Mwishoni Memsahibu akaniita pembeni. Akasema sasa anajua ukweli wa nyumba yake. Mfuko umejaa kila siku tangu Jumatano, kwa hiyo nyumba hutoa mfuko mmoja wa vumbi kila siku. Zamani halikuwa likitoka, maana yake mwaka mzima nilikuwa nalala. Anasamehe. Ila kuanzia Jumatatu atautazama mfuko yeye mwenyewe. Ukijaa, niende. Usipojaa, atajua nimerudia uvivu, na nitakwenda mkongeni siku hiyohiyo.

Nikasema ndiyo Memsahibu. Ngwe ni ngwe. Nilikuwa bado nafurahi, sikulisikia vizuri.

Jumapili, 8 Agosti

Nimelisikia vizuri leo kanisani, katikati ya mahubiri.

Nyumba haina vumbi hata kidogo. Pipa kamaliza lote. Mhubiri akasema mavumbini ulitoka, mavumbini utarudi, nikaguna kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Si kitu. Nina Mwatumu. Mtu mwenye Mwatumu na gunia hawezi kulala njaa. Mchana nimekula ugali kwa mlenda, nimechota maji, nimekaa kivulini. Upepo mzuri. Siku njema, kwa kweli.

Jumatatu, 9 Agosti

Alfajiri nikaenda chumba cha brashi na suruali yangu pana. Mlangoni kasimama Eliasi. Kavaa kofia ya msimamizi, kashika ufagio kama mkuki.

Akaniuliza Mnyamwezi anatafuta nini. Nikasema napita tu. Akasema njia haipiti hapa, hapa ni mwisho. Kisha akacheka, akasema vumbi la chumba hiki sasa liko chini yake, halitoki hata unyoya bila ruhusa, na alikuwa ananingoja tangu Jumamosi mezani, nilipokuwa natoa hotuba ya uaminifu. Nyuma yake Mwatumu alikuwa kajifunika kanga mpaka machoni, mabega yanatikisika.

Kumbe haukuwa upendo. Alikuwa anahesabu.

Nikamwambia mtani, nisaidie. Akasema atanisaidia, mtani hamwachi mtani. Sharti lake ni shikamoo. Mimi, mkubwa kwake kwa umri, nimwamkie shikamoo kila asubuhi mbele ya wote, kwa sauti, nimeinamisha kichwa, na niongeze kwamba Wazigua ndio waliowafundisha Wanyamwezi kubeba mizigo.

Nimeamkia. Mgongo wangu umezoea kuinama, shingo haikuona ajabu. "Marahaba, mwanangu," kanijibu, na kanipakulia singa mwenyewe, kashindilia vizuri, na kanifungia kamba za suruali. Kisha kanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Tulikula tumekaa juu ya robota la singa, tunatukana koo zetu. Mtu hawezi kumchukia kabisa mtu anayechoma muhogo hivyo.

Saa tatu mfuko umejaa. Lakini kuamka kabla ya jogoo, kwenda brashi, kuamkia, kujaza suruali, kujikuna, kumwaga, kufyonza, na jioni kuchota maji! Nimehesabu hivihivi kichwani. Kufagia kwa ufagio kulikuwa kazi ndogo kuliko hii.

Jumanne, 10 Agosti

Sasa nimepata mpango wa kweli, hauhitaji Eliasi, Mwatumu wala suruali.

Nilikuwa nafyonza kiti cha Bwana nikawaza: vumbi haliwezi kuja kwa miguu yake? Linaweza. Likiwa na miguu minne! Memsahibu kapata barua ya rafiki yake wa Hale. Huyo rafiki anarudi Ulaya na ana mbwa anataka kuwagawa, wakubwa, wa manyoya marefu mpaka chini, wanaopukutika mchana kutwa. Memsahibu alikuwa anasitasita. Akaniuliza kama watumishi wa hapa wanaogopa mbwa.

Nikaweka chini mpira wa Pipa. Nikamwambia mbwa ni baraka ya nyumba, na zulia lisilo na mbwa ni zulia la yatima. Akauliza nani atawaogesha, nani atawachana, nani atawapikia, nani atawatembeza usiku na mchana. Nikaona hilo ni swali dogo tu la kuuliza mtu mwenye mpango. Nikamwambia asijisumbue: kule Sikonge mimi ndiye niliyekuwa nikilea mbwa wa kijiji kizima, na mbwa wakiniona hulia kwa furaha.

Sijapata kushika mbwa maishani. Lakini manyoya yatajaza mfuko yenyewe, na mimi nitalala mchana.

Memsahibu kafurahi sana. Alikuwa amefikiria kuchukua mmoja. Kwa kuwa nipo mimi, anawachukua wote watano.